Kocha Mkavu

Usiku ule sikulala, na kaka yangu alilala kwa niaba ya ukoo mzima. Alijinyoosha kwenye kochi la sebuleni, mdomo wazi, mimi nimekaa kwenye kiti cha jikoni na simu mapajani kama mtu anayeatamia yai. Mwanangu alikuwa amepiga saa mbili usiku kutoka huko ng'ambo. Alisema, "Mama, kuna mtoto amezama leo asubuhi," halafu simu ikakatika. Nilipopiga tena, yule mwanamke wa kwenye mashine akaniambia nijaribu baadaye. Nilijaribu baadaye mara arobaini.

"Kalale," kaka yangu alisema bila kufumbua macho. "Habari mbaya haichelewi. Ikikawia, ujue ni njema."

"Na wewe ukikawia kwenda kwako, nijue ni nini?"

Akageukia ukutani.

Yeye aliweza kulala kwa sababu akili yake haimsumbui. Mimi nilikuwa na jambo lililonikaa kooni tangu mwanangu apande ndege miezi mitatu nyuma. Mwanangu alikwenda nchi ya watu kujitolea, kuwafundisha watoto kuogelea. Na mwanangu hajui kuogelea.

Sisemi kwamba anaogelea vibaya. Hajui kabisa. Ukimsimamisha kwenye maji ya kifuani ataita jina langu. Darasa lake lilipopelekwa bwawani akiwa na miaka kumi, wenzake walirudi macho mekundu na vichwa vinachuruzika; yeye alirudi mkavu, na kisingizio cha sikio.

Saa kumi na moja alfajiri ujumbe ukaingia. "Mtoto mzima Mama. Alikunywa maji tu. Nitapiga." Nikainuka, nikabandika maji ya chai. Saa moja akapiga.

"Nani alimtoa?" nikamwuliza.

"Alitolewa, Mama. La muhimu ni kwamba mzima."

"Nimeuliza nani."

"Kuna mama mmoja hapa. Mfagiaji wa bwawa. Alijitupa na nguo zake."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale, ukingoni."

"Unafanya nini?"

Nikasikia anahamishia simu sikio la pili.

"Nilipuliza filimbi."

Mtoto wa watu anazama, kocha anapuliza filimbi! Labda alitaka maji yasimame kwanza, wajipange upya.

Kocha ni jina alilopewa na wenzake akiwa na miaka minane, na msidhani ilikuwa sifa. Watoto wa mtaa walipocheza mpira nyuma ya ghala, yeye alisimama nje ya mstari na kijiti, anawaelekeza. "Panda! Rudi! Mkabe huyo!" Mpira wenyewe ukimfuata, anaukwepa kama mbwa mwenye kichaa. Siku moja nilipita hapo nikitoka kazini, nikamwuliza mbona hachezi. Akanijibu kwa upole, "Mama, mimi naona." Basi akaendelea kuona. Akaona shule ya msingi, akaona sekondari, akaona mwaka mmoja wa chuo cha walimu wa michezo, na viatu vyake vya mazoezi vikabaki vipya hata kaka yangu, ambaye ni fundi viatu, akawa anamtania, "Mjomba, watu wa aina yako mkiwa wengi mimi nitafunga kibanda."

Lakini nisimnyime haki yake. Kuona, aliona kweli. Shule ya jirani walimpa timu ya watoto wadogo wa mpira wa miguu, akakaa nayo miaka miwili. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyelia kila akiguswa. Kocha akamtazama wiki nzima, akamtoa katikati akamweka golini, na yule mlizi akawa anaudaka mpira kama anayedaka sahani isivunjike. Alijua nani hakulala vizuri, nani ana kiatu kinachombana na anaona haya kusema. Watoto walimfuata mpaka mlangoni kwangu. Kama angebaki kwenye kazi hiyo, mimi leo ningekuwa ninalala.

Ndipo akatokea na habari za chama kinachopeleka vijana nje kujitolea.

"Kujitolea?" nikamwambia. "Wewe? Mtu ambaye humu ndani hujawahi kujitolea kuosha sufuria?"

"Mama, ni nafasi. Nikirudi nina cheti, nina uzoefu wa nje. Shule kubwa zitanichukua."

"Kumbe unajitolea kujipatia."

"Kila mtu ndivyo anavyojitolea, dada," kaka yangu akaingilia. "Mwache kijana."

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Tulikaa mezani watatu kuijaza, na hapa ndipo mimi mwenyewe ninapoingia kwenye upumbavu huu, kwa hiyo sitajisafisha.

Nimefagia ofisi ya vibali kwa miaka kumi na tisa. Kila jioni ninamwaga vikapu vya karatasi, na ninajua kinachoingia mle. Makarani hawasomi fomu. Wanapitisha kidole ukurasani kutoka juu kwenda chini. Kidole kikikuta kisanduku kitupu, fomu inakwenda kikapuni. Mtu ameandika maisha yake yote kwa mwandiko mzuri, ameacha tu pale pa simu ya ofisini kwa kuwa hana ofisi, basi, kwisha habari yake, na jioni namzoa mimi pamoja na maganda ya machungwa. Kwa hiyo nyumbani kwangu ni sheria: kisanduku hakiachwi kitupu. Mwanangu alipoanza shule, pale pa baba, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia kwa mwanamke mwingine mtaa wa tatu, tulimwandika kaka yangu. Kaka yangu akawa baba kwa kalamu, na cheo hicho amekivaa mpaka leo.

Ukurasa wa nne uliandikwa: weka alama mbele ya kila mchezo unaoweza kufundisha. Ilikuwa michezo kumi na minne. Mwanangu akaweka alama kwenye mpira wa miguu, akaweka kwenye riadha, akainua kalamu.

"Hii mingine siijui," akasema.

"Utaiacha wazi?" nikauliza.

"Si siijui, Mama?"

"Wataitupa. Mimi ndiye ninayezizoa, mimi ndiye ninayejua."

Kaka yangu akachukua kalamu, akamrudishia mkononi kama anayemkabidhi mkuki. "Weka zote, mjomba. Kwani watakupeleka kwenye yote?"

Hapo alisema kweli. Hawakumpeleka kwenye yote. Walimpeleka kwenye mmoja.

Chama kilikuwa na vijana wa mpira wa miguu wa kujaza lori, wa kuogelea hakikuwa nao hata mmoja. Wakampigia simu kumhoji. Wakamwuliza kama anapenda watoto, kama anaweza kuamka mapema, kama kuna chakula kinachomdhuru. Hakuna aliyemwuliza kama anajua kuogelea, maana alama ilikuwepo.

Aliponiambia ni bwawa, zilikuwa zimebaki siku sita aondoke. Nikamwambia, "Waambie." Akasema, "Nitawaambia nikifika, Mama. Huko watanibadilishia tu." Nami nikanyamaza. Mtaa mzima ulishajua anakwenda. Jirani yangu fundi cherehani, ambaye miaka yote hunisalimia kwa kidevu, alikuwa amekuja na kiti chake kukaa kwangu. Nikayameza maneno, nikampigia pasi mashati.

Alipofika hakusema. Kumbe ile hali ilimkalia vizuri. Watoto aliopewa walikuwa na miaka tisa, kumi, wengi wao wanajielea wenyewe, na kina cha upande wao kilikuwa kifupi. Yeye akasimama ukingoni na filimbi na saa ya kupimia muda. "Kiwiko juu! Piga miguu! Pumua upande!" Maneno hayo aliyapata kwenye video, anatazama usiku, anayasema asubuhi. Na kwa kuwa macho anayo, aliona nani anaogopa, nani anajivuna, akawapanga, wakaanza kuogelea vizuri zaidi. Hilo nalo ni la kweli, ingawa linaniudhi.

Akatuma picha. Kila wiki picha. Jirani fundi cherehani anaishika simu kwa vidole viwili, anaomboleza kwa furaha. "Jamani kocha wetu! Mwone alivyopendeza!" Mimi natazama kitu kimoja tu. Watoto wamelowa, sakafu imelowa, ukuta umelowa, hata yule mfagiaji anayeonekana nyuma na brashi yake amelowa mpaka magotini. Mwanangu mkavu. Kaptula kavu, fulana kavu, nywele zimechanwa na hazijapoteza mstari. Picha kumi na mbili, na katika zote kumi na mbili ungeweza kumpiga pasi pale pale aliposimama.

"Mbona hajalowa?" nikamwuliza jirani siku moja, kwa makusudi.

"Kocha atalowaje?" akanishangaa. "Kwani mpishi huingia kwenye sufuria?"

Ndivyo tulivyoishi mpaka usiku ule wa mtoto.

Sasa, mimi nilidhani baada ya mkasa kama huo mtu hufukuzwa. Wiki haikuisha, mwanangu akanitumia barua aliyoandikiwa na chama. Niliisoma mara tatu, moja kwa sauti. Walimshukuru kwa utulivu wake. Walisema mtoto aliokolewa chini ya usimamizi wa kocha. Mfagiaji hakutajwa hata kwa herufi. Na kwa sababu ya utulivu huo wakamwongezea miezi sita, na kuanzia Jumatatu ya wiki iliyofuata wakampa kundi jipya: watoto wa miaka mitano, vipindi vya alasiri.

"Yule mama mfagiaji anafanya kazi saa ngapi?" nikamwuliza kwenye simu.

"Anatoka saa sita mchana."

"Na alasiri yuko nani?"

"Niko mimi."

Nikahisi kama mtu amenimwagia majivu ya moto mgongoni.

"Baba, sikiliza," nikamwambia. "Waambie leo."

"Mama, ninajifunza. Nakuapia. Yule mama ananifundisha asubuhi kabla watoto hawajaja. Hajamwambia mtu."

"Umejifunza siku ngapi?"

"Tano."

"Umefika wapi?"

"Naweza kuweka uso ndani ya maji."

"Uso hata mimi naweka, mwanangu. Kila asubuhi, kwenye karai."

"Mama, usinicheke."

"Sikucheki. Hao wa miaka mitano wakizama wawili, utaweka uso ndani uwatazame?"

Akakata simu. Nikampa mpaka Ijumaa. Nilimwandikia hivyo: mpaka Ijumaa useme wewe, la sivyo nasema mimi. Hakujibu. Aliyejibu ni kaka yangu, aliyetumiwa malalamiko mapema kuliko nilivyodhani. Alikuja jioni na aproni yake ya kazini, inanuka gundi, akakaa kama anayekuja kuposa.

"Unataka kumharibia mtoto," akasema.

"Nataka asiwaharibie wenzangu watoto wao."

"Wenzako wa wapi? Unawajua?"

"Nimezaa. Nawajua."

"Dada, ukubwa ni kustahimili. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Hayo ndiyo matatizo, kaka. Yeye hakuyavulia nguo. Ameyavalia kaptula na soksi."

Alitaka kucheka, nikaona shavu linamcheza, lakini akakumbuka cheo chake. "Ukienda kule ofisini, mimi na wewe basi," akasema. "Na mtaani tutapita wapi? Watu watasema ukoo mzima tulisaidia kudanganya."

"Si tulisaidia?"

Akaondoka bila kuaga. Ijumaa ikaja, ikapita. Jumamosi niliandika ujumbe, nikaufuta. Jumapili nilimpigia mwanangu mara tano. Simu yake iliita, haikupokelewa. Jumatatu nikafagia ofisi ya vibali saa kumi na moja alfajiri badala ya jioni, nikavaa viatu vya kutokea, nikaenda.

Ofisi ya chama iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Ukutani wamejaza picha za vijana wakiwa wamekumbatia watoto wasiowajua. Ya mwanangu ilikuwepo, kubwa, karibu na mashine ya maji ya kunywa: amesimama ukingoni, mkavu, amenyoosha mkono kama anayeionyesha dunia njia. Karani, msichana mwenye kucha ndefu, aliniangalia miguu kabla ya uso.

"Mama, mambo ya usafi ni chini, kwa mlinzi."

"Sikuja kusafisha. Au labda nimekuja hilohilo. Namtaka mkurugenzi."

"Ana kikao."

"Nitakaa."

"Kikao ni kirefu."

"Na mimi nina nyama ya kukalia."

Nikakaa saa mbili na nusu. Mkurugenzi alipotoka kutafuta chai nilimzuia mlangoni. Alikuwa kijana, ningeweza kumzaa, ananukia vizuri na hana haraka. Nilipomtajia mwanangu alinishika mikono yote miwili.

"Mama wa Kocha! Karibu, mama yangu. Mwanao ni johari."

"Johari yako haijui kuogelea."

Akacheka. Akaniingiza ofisini, akanivutia kiti, bado anacheka. "Wazazi mna hofu, ni kawaida. Mama mmoja alituambia mwanawe hawezi kula bila yeye."

"Bwana mkurugenzi, mimi sizungumzii kula. Hajui. Aliyemtoa yule mtoto ni mfagiaji. Yeye alipuliza filimbi."

Kicheko kikamkwama. Akafungua kabati, akatoa faili, akalaza fomu mbele yangu na kuweka kidole. "Mama, hapa ameweka alama mwenyewe."

"Ameweka kwenye kila kisanduku. Shuka chini usome. Mpira wa mezani ameweka. Mieleka ameweka. Mtoto ana kifua kama ubao wa kukatia vitunguu, nani atamtuma kwenye mieleka?"

Kidole kikashuka. Mara ya kwanza, nadhani, kidole cha mtu wa ofisi kushuka ukurasa ule kikisoma.

"Kwa nini aliweka zote?" akauliza.

"Kwa sababu nilimwambia mimi. Niandike na mimi kwenye faili, sina shida. Lakini leo alasiri ana watoto wa miaka mitano. Huko sasa ni saa ngapi?"

Akatazama saa ya ukutani, halafu simu yake. "Wanaanza sasa hivi," akasema, na sauti ile ya johari ilikuwa imetoweka.

"Basi mpigie. Ya picha. Mwambie aingie majini tumwone. Akiingia akatoka, nitakuomba radhi kwa magoti na nitakufagilia ofisi hii bure mpaka nife."

Akapiga. Mwanangu akatokea kwenye kioo, nyuma yake bwawa, na ukingoni wamekaa watoto wadogo kama kumi na watano, miguu ndani ya maji, kila mmoja na kibao cha kuelea mapajani. Wengine vibao vilikuwa vikubwa kuliko wao.

"Kocha, hongera kwa kazi," mkurugenzi akasema. "Hebu ingia majini kidogo tukuone. Nina mgeni hapa."

Mwanangu akatabasamu lile tabasamu la kwenye picha. Mkurugenzi akageuza simu, na mwanangu akaniona.

Tabasamu likabaki lakini macho yakaondoka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ingia."

Aliyatazama maji. Aliyatazama kwa muda mrefu, na mimi nilimtazama yeye, na sitasema uongo, sehemu yangu moja ilimwomba Mungu amfanyie muujiza, ajitupe, aelee, anifanye mimi mwongo. Watoto nyuma yake wakaanza kumshangilia kwa lugha yao, wanapiga maji kwa visigino. Mmoja akateleza kidogo ukingoni, mwenzake akamshika mkono.

Mwanangu akaona. Akaivua filimbi shingoni.

"Sijui kuogelea," akasema, polepole sana.

"Sauti inakatika," mkurugenzi akasema haraka. "Mtandao, Mama. Mtandao wa huko."

"Haujakatika," nikasema. "Rudia, baba. Wasikie."

Akarudia kwa sauti. Sijui kama wale watoto walielewa lugha, ila waliacha kupiga maji.

"Watoe ukingoni kwanza," nikamwambia. "Mmoja mmoja. Uwahesabu."

Akawatoa, akawahesabu kwa kuwagusa vichwa. Kazi hiyo aliifanya vizuri kama kawaida yake. Kisha kioo kikawa cheusi. Mkurugenzi akajifuta paji la uso, akaniomba jambo hili tuliache humu ndani, maana chama kina jina. Nikamwambia jina lake halinihusu, yeye aanze kuteremsha ile picha ya karibu na maji ya kunywa, watu wasije wakapaliwa.

Walimrudisha baada ya siku mbili. Alifika mchana kweupe na mkoba mmoja. Fundi cherehani alikuwa amesogeza mashine yake kibarazani aone vizuri. Tangu asubuhi alishona mshono mmoja. Kaka yangu alisimama ng'ambo ya njia, hakuvuka. Mwanangu akanipita mlangoni kama unavyopita nguzo, akaingia chumbani kwake, akapiga komeo.

Siku ya kwanza nikasema amechoka. Siku ya pili nikaacha sahani mlangoni. Nikirudi kazini naikuta tupu, naye kimya. Siku ya tatu kaka yangu alituma neno kwa fundi cherehani kwamba yeye alisema. Sikujua alichosema ni kipi, amesema mengi, nikamjibu kupitia huyo huyo kwamba nimesikia. Mtaani mambo yalikuwa kama yanavyokuwa. Waliokuwa wakinisifu sasa walinionea huruma, na huruma yao ilikuwa na meno. "Mama gani anamshtaki mwanawe," niliwasikia dukani. Nilinunua sabuni yangu, nikawatazama mpaka wakatazama chini.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi, sina kazi. Nikaweka kitambaa sakafuni, nikakaa, mgongo kwenye mlango wake.

"Leo sitoki hapa," nikasema. "Kama unataka kupita, utaniruka."

Kwa mara ya kwanza ikaja sauti yake, karibu sana, kana kwamba na yeye amekaa chini upande wake.

"Umenivua nguo mbele ya watoto wangu."

"Watoto wako? Wana mama zao wale."

"Ungengoja, Mama. Mwezi mmoja tu. Ningekuwa nimejua."

"Na mwezi huo ungejifunzia kwa mtoto wa nani?"

Nilisikia anavuta pumzi kwa mdomo, kama alivyokuwa akifanya utotoni akizuia kilio.

"Mjomba hasemi na wewe kwa ajili yangu," akasema.

"Masikio yangu yanamshukuru."

"Watu wananicheka?"

"Wanakucheka. Mimi wananichukia. Umepata nafuu."

Nje mtu alipita na redio, ikasogea, ikaondoka.

"Bado naiona mikono yake," akasema.

"Mikono ya nani?"

"Ya yule mtoto. Ilitoka juu ya maji, ikazama, ikatoka tena. Nilitaka kuruka, Mama. Kweli nilitaka. Miguu ikakataa. Ndipo nikapuliza. Sikuwa na kitu kingine."

Nilikuwa na majibu matatu, yote makali, na moja lilikuwa zuri kweli. Yalifika hapa kwenye meno. Nikayarudisha.

"Fungua," nikasema.

"Sina uso wa kutokea."

"Toka na huo huo. Ndio niliokuzaa nao."

Niliinuka, magoti yakalia, nikakunja kitambaa changu na kusimama pembeni. Nikasikia anajikokota upande wake, mkono unapapasa ubao. Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, ukasita hapo, kisha ukafunguka wote.